MUWASHO WA SIRI ULIOTAKA KUVUNJA NDOA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo naomba mnivumilie. Mada ni ya wanaume, lakini kina mama nao wasome, kwa sababu mwisho wa habari unawagusa. Nitataja viungo vya mwili kwa majina ya heshima, ila nitavitaja. Vitabu vya fiqhi tunavyowasomesha watoto vinaanza na mlango wa tahara, na mlango ule hauoni aibu kutaja tupu ya mbele na tupu ya nyuma. Mtoto wa miaka kumi anasoma hayo, halafu baba yake anashindwa kumwambia tabibu kwamba anawashwa. Hapo pana kasoro.

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa hapa kwetu Dutumi alibaki msikitini. Watu walitoka, taa za nje zikazimwa, yeye bado amekaa karibu na nguzo. Ameniridhia nisimulie, nami nimeacha kila kitu cha kumtambulisha.

"Shikamoo ustadhi."

"Marahaba mwanangu. Mbona huendi nyumbani?"

"Nimekuja uniandikie talaka."

Ndoa yenyewe ilikuwa na miezi mitano, na mimi ndiye niliyeifungisha. Nikamwuliza kosa la mke ni nini. Akainama muda mrefu, kisha akasema mke wake amempa ugonjwa. Anawashwa sehemu za siri wiki ya tatu sasa. Naye mke anawashwa, na anasema ni mume ndiye aliyeuleta, kwa kuwa anaendesha bodaboda, anabeba watu usiku, nani ajuaye anapita wapi. Wamefika mahali hawalali kitanda kimoja. Wazazi wa pande zote mbili wameanza kuulizana.

Sikumjibu habari ya talaka. Nilimwuliza maswali mengine kabisa. Unawashwa wapi hasa? Akasema kwenye mfuko wa korodani na kwenye uume, kuna vipele vigumu vidogo vidogo. Muwasho unazidi wakati gani? Akasema usiku, akishapata joto la shuka, hapo ni balaa. Nikamwambia anioneshe viganja. Katikati ya vidole mlikuwa na vipele na alama za kucha. Nikamwuliza swali la mwisho: nyumbani kwenu nani mwingine anajikuna? Akafikiri. "Mdogo wake mke wangu, yule wa miaka tisa tunayekaa naye."

"Anasoma wapi huyo mtoto?"

"Hapa kwako, ustadhi. Madrasa."

Wallahi nilikosa la kusema. Nilimwambia tu: talaka haiandikwi leo, kesho saa mbili asubuhi tukutane zahanati, wewe na mkeo na mtoto, na mimi nitakuwepo.

Mtaniuliza imamu amejuaje kuuliza maswali hayo. Mimi si daktari. Nimesoma madrasa na sekondari, basi. Nimejua kwa sababu na mimi nimepita njia hiyo, ingawa ugonjwa wangu ulikuwa wa aina nyingine, na nilipita vibaya.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2018. Mnalijua joto la huku kwetu bonde la Ruvu. Unasimama kwenye Tarawehe, kanzu imelowa mgongoni, na ndani ya mapaja jasho linatiririka. Nikaanza kuwashwa kwenye manena, pale paja linapokutana na kinena. Mwanzo nilidhani ni joto. Halafu ikatokea alama kama duara, pembeni imepanda, katikati imefifia. Kwenye ngozi zetu nyeusi msitegemee kuona wekundu unaotajwa na wazungu. Inaonekana nyeusi kuliko ngozi ya jirani, au ya kijivu, na ina magamba madogo.

Nilikwenda zahanati mara ya kwanza, nikamkuta muuguzi wa kike peke yake zamu. Nikasema nimekuja kupima presha. Akanipima, nikashukuru, nikarudi nyumbani na muwasho wangu.

Nikaenda duka la dawa, si la hapa kijijini. Nikasema kwa sauti ya chini nina muwasho. Muuzaji hakuuliza kitu, akanipa tyubu, akasema hii inatibu kila kitu. Na kweli, siku mbili tu muwasho ukakata. Nikasema alhamdulillah. Baada ya wiki nikaacha, ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Nikapaka tena, ukatulia. Nikaacha, ukarudi. Miezi minane nilikwenda hivyo, tyubu baada ya tyubu, na lile duara likawa limefika makalioni na chini ya kitovu. Ngozi ya mapaja ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikafanya michirizi. Michirizi ile ninayo mpaka leo, haikuondoka.

Na nyumbani je? Nilihamia sebuleni, nikalala kwenye mkeka. Nikamwambia mama watoto kwamba naamka usiku kwa ibada, sitaki kumsumbua. Mungu anisamehe, nilitumia ibada kufichia ugonjwa. Miezi ikapita. Siku moja ananipakulia chakula, akaniuliza bila kuniangalia: "Baba, umeoa?" Mwanamke wa watu alikuwa amebeba swali hilo kifuani miezi yote ile, anadhani nina mke mwingine, nami nilikuwa na fangasi tu.

Nilimwonesha siku ile ile. Akalia, kisha akacheka, kisha akaniambia kesho unakwenda hospitali au nakwenda kukusemea mwenyewe. Nikapanda bodaboda hadi Mlandizi.

Tabibu aliniangalia kwa muda usiozidi dakika mbili. Akaniambia nivue soksi. Nikasema tatizo haliko miguuni. Akasema vua, shehe. Akatazama katikati ya vidole vya mguu, pale ngozi ilipokuwa nyeupe na inachubuka, akasema: "Mzizi uko huku." Fangasi ilianzia mguuni, kila nilipovaa bukta kwa kupitisha mguu ikapanda juu. Na mguuni niliipata wapi? Kwenye zile kandambili tunazoziacha mlangoni mwa choo cha msikiti, kila mtu anavaa, hazikauki kuanzia Alfajiri mpaka Isha.

Kisha akasoma tyubu yangu. Akaniambia ndani yake mlikuwa na dawa ya fangasi kidogo, pamoja na steroidi kali. Steroidi inanyamazisha muwasho, lakini pia inanyamazisha ulinzi wa ngozi, kwa hiyo fangasi inapata nafasi ya kutambaa bila kelele. Akanipima na sukari, ikawa salama. Akanipa vidonge na dawa safi ya kupaka. Baada ya wiki kadhaa nikapona. Miezi minane ya kujificha, dakika mbili za kuonesha.

Sasa, ndugu yangu, tuje kwenye dini, kwa sababu dini ndiyo tunayoisingizia.

Wengi wetu tunajua majina ya masahaba kumi waliobashiriwa pepo. Wawili miongoni mwao ni Zubayr bin Al-Awwam na Abdurrahman bin Awf, Allah awaridhie. Katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Anas bin Malik, imekuja habari kwamba wawili hawa walipatwa na muwasho, na Mtume (s.a.w.) akawaruhusu kuvaa nguo za hariri. Hariri, ndugu zangu! Kitu alichoharamishiwa mwanamume wa umma huu. Kwa ajili ya muwasho wa ngozi, ruhusa ikatoka.

Zingatieni mambo mawili hapo. La kwanza, masahaba wakubwa waliwashwa, tena wakasema. Hawakuona kwamba cheo chao kinakataza ngozi kuugua. La pili, Mtume (s.a.w.) hakuwauliza mmetenda dhambi gani, wala mmekwenda kwa nani. Alitafuta nguo isiyokwaruza ngozi. Mgonjwa wa muwasho alipofika mbele ya mbora wa viumbe alipata wepesi. Anapofika mbele yetu anapata kesi.

Na wale wanaosema "mimi nina haya" wamwangalie Ali bin Abi Talib, Allah amridhie. Alikuwa na tatizo la kutokwa na madhi kwa wingi. Aliona haya kumwuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa ni baba mkwe wake. Alifanya nini? Alimtuma Miqdad akamwulizie, na jibu likapatikana. Haya ya Ali ilimtafutia njia nyingine ya kufika kwenye jibu. Haya yangu mimi ilinipeleka kupima presha. Haya ni katika imani, hilo halina ubishi, lakini kinachokuzuia usipate tahara na tiba kina jina lingine.

Ama kufunua uchi mbele ya tabibu, wanavyuoni wamelieleza zamani. Inajuzu kwa haja ya matibabu, kwa kiasi cha haja, isizidi. Mwanamume atangulie kutafuta tabibu mwanamume. Asipopatikana, mwanamke atamtibu, kwa adabu na mipaka yake. Wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakiwahudumia majeruhi vitani, na Bukhari ameipokea habari hiyo kutoka kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh. Basi yule muuguzi niliyemkimbia hakuwa kizuizi. Ningeweza hata kumwambia: dada, nina tatizo la kiume, tabibu wa kiume yupo siku gani? Sentensi moja hiyo ingeniokolea miezi minane.

Sasa nieleze jinsi ya kuutambua muwasho huu. Haya nimefundishwa na matabibu, na mmoja wao ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Lengo ni ujue cha kumwambia tabibu. Usijifungulie duka la dawa chumbani.

1. FANGASI YA MANENA. Inakaa kwenye mikunjo ya mapaja, mara nyingi pande zote mbili. Ina mpaka unaoonekana, pembeni imepanda na ina magamba, katikati imefifia. Kwa kawaida haigusi sana mfuko wa korodani wala uume. Tazama na vidole vya miguu. Tiba yake kwa kawaida ni dawa ya kupaka ya fangasi kama klotrimazoli, mara mbili kwa siku, kuanzia wiki mbili hadi nne. Upake mpaka nje kidogo ya ule mpaka, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kupotea. Wengi tunaacha muwasho ukikata, ndiyo maana inarudi. Na mguu utibiwe pamoja.

2. UPELE, huu wa kuambukizana. Sababu yake ni mdudu mdogo sana anayechimba ngozi na kutaga humo. Unawasha zaidi usiku. Unakaa katikati ya vidole vya mikono, viwiko, kwapani, kiunoni, kwenye makalio, na kwa mwanamume hupenda sana uume na korodani, unafanya vipele vigumu. Alama yake kubwa ni kwamba na wengine nyumbani wanajikuna. Tiba yake ni ya nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa. Ile dawa nyeupe ya majimaji inayoitwa BBE inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, kwa siku na namna utakayoelekezwa, na kwa watoto wadogo inapunguzwa makali. Vipo na vidonge vya ivermektini, lakini si vya mjamzito wala mtoto mdogo, kwa hiyo aamue tabibu. Nguo, shuka na taulo zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, na kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi. Na ujue kwamba muwasho waweza kuendelea wiki mbili hata nne baada ya wadudu kufa. Usikimbilie kusema dawa haikufanya kazi.

3. FANGASI YA KICHWA CHA UUME. Hii huleta wekundu au kung'aa, muwasho, pengine utando mweupe. Humpata zaidi ambaye hakutahiriwa, lakini ikimpata aliyetahiriwa, na hasa ikijirudia, kapime sukari. Mzee mmoja wa safu yetu ya mbele aligunduliwa sukari kwa njia hii, na leo anatumia dawa yake vizuri. Pengine muwasho ule ndio uliomwokoa macho na figo.

4. NGOZI ILIYOKASIRISHWA. Sabuni kali, dawa za kuulia vijidudu, manukato, dawa za kuondolea nywele, wembe butu. Wengine wanajisugua mpaka ngozi ya korodani inakuwa nene kama ya tembo, na kila ikiwa nene inawasha, na kila ikiwasha wanasugua. Hapa tiba ya kwanza ni kuacha hicho kinachokasirisha. Kunyoa nywele za kinena ni katika sunna za maumbile, na muda usizidi siku arobaini, lakini sunna hiyo haikuamuru wembe wa watu watano.

5. MENGINE YASIYOSUBIRI. Ukiona kidonda, hata kisichouma, au malengelenge, au usaha unatoka kwenye njia ya mkojo, au uvimbe wa mitoki, au homa, huo si muwasho wa kupaka mafuta. Kaswende huanza na kidonda kisichouma wala kuwasha, ndiyo maana watu wanakidharau. Nenda siku hiyo hiyo. Na muwasho wa mwili mzima usioisha, au fangasi isiyosikia dawa, pima na virusi vya UKIMWI. Vipimo vipo kwenye vituo vyetu vya serikali, na dawa zake zipo.

Na hapa nisiwadanganye: yapo maradhi yanayokuja kwa zinaa. Aliyeteleza, milango ya toba iko wazi usiku na mchana, na mlango wa zahanati uko wazi saa za kazi. Apite yote miwili. Toba haiondoi wajibu wa kujitibu na kumwambia mwenzako naye akatibiwe, na dawa haiondoi wajibu wa toba.

Sasa hizo tyubu za "tatu kwa moja". Kabla hujapaka kitu manena, soma maandishi. Ukiona jina linaloanza na "beta" au "clobe", hiyo ina steroidi, usiipake sehemu hizo bila tabibu kukuambia na kukuwekea siku. Ngozi ya pale ni laini, inafyonza dawa kuliko ngozi ya mkono. Na limao na chumvi, mafuta ya taa, maji ya betri, dawa ya kuogeshea ng'ombe, yote haya nimeyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa wanaume waliokuja kwangu. Unachoma ngozi yako mwenyewe, na mdudu anabaki.

Kuna maswali ya ibada ambayo huwa naulizwa pembeni, nayajibu hapa kwa madhehebu yetu ya Kishafi.

Je, kupaka dawa kunatengua udhu? Dawa yenyewe haitengui, wala kugusa paja hakutengui. Kugusa tupu yenyewe kwa kiganja ndiko kunakotengua. Basi paka baada ya Isha na baada ya Alfajiri, ukihitaji udhu uchukue upya. Siku ya josho, oga kwanza, jikaushe, ndipo upake, ili mafuta yasizuie maji kufika.

Je, nikijikuna ndani ya swala? Tunafundishwa kwamba harakati tatu mfululizo zinabatilisha. Lakini mafaqihi wetu wamemtoa mwenye upele asiyeweza kuvumilia, huyo amesamehewa. Tazameni huruma hiyo. Wanavyuoni waliandika hukumu ya mtu mwenye upele ndani ya swala karne nyingi zilizopita, maana walijua atakuwepo kwenye safu.

Na hili la tatu hamniulizi, nalisema mwenyewe. Sisi Waislamu tunastanji kwa maji mara nyingi kwa siku, na hiyo ni neema. Lakini tunastanji, tunapandisha nguo juu ya maji, tunakimbilia rakaa. Siku nzima mwanamume anatembea na unyevu kwenye mikunjo. Fangasi haitaki zaidi ya hapo. Beba kitambaa kidogo, jikaushe. Vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana, ibadilishe kila siku, na msuli wako usiwe wa watu wote. Vaa soksi kabla ya nguo ya ndani kama una fangasi ya mguu. Kwenye msikiti wetu zile kandambili tumeziondoa. Kila mtu aje na zake, na za wageni zinasuguliwa na kuanikwa juani.

Narudi kwa kijana wangu.

Asubuhi ile walikuja wote watatu. Mke alikaa mwisho wa benchi, mume mwisho mwingine, mtoto katikati anajikuna. Tabibu aliwaangalia mmoja mmoja faraghani. Alipotoka akawaita wote pamoja, akawaambia ni upele. Kisha akawaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hata sita ndipo aanze kuwashwa, ilhali aliyewahi kuupata zamani huanza ndani ya siku chache. Kwa hiyo aliyeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Yule mke alikuwa ameupata utotoni, ndiyo maana alianza yeye, na ndiyo maana mume alimshuku. Mtoto alikuwa ameutoa madrasa, akalala na dada yake siku mume alipokuwa safari.

Ushahidi wote wa kesi ile ulikuwa ni nani kaanza kujikuna. Na kwa ushahidi huo ndoa ilikuwa inavunjwa. Surat Al-Hujurat inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwani nyingine ni dhambi. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi. Siku ile niliiona imekaa kwenye benchi la zahanati.

Lakini kesi yangu mimi ilikuwa bado. Upele ulitoka kwenye madrasa yangu. Watoto walikuwa wanajikuna tangu masika, na mimi nilikuwa nawaambia ni wachafu, waoge. Mmoja nilimwondoa kwenye mkeka mbele ya wenzake kwa sababu hakutulia wakati wa kusoma. Mdudu yule haangalii usafi wa mtu. Anapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kulala pamoja, kukaa bega kwa bega kwenye jamvi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mimi sikuupa hata jina.

Nilikwenda nyumbani kwa mtoto yule, nikamwomba radhi yeye na wazazi wake. Kisha tukakaa na watu wa zahanati, wazazi wakaitwa, zikapangwa siku, watoto na nyumba zao wakapakwa dawa pamoja. Majamvi tukayaanika juani, na madrasa ikafungwa siku tatu. Wapo waliolalamika kwamba namtia aibu msikiti. Nikawaambia aibu ilikuwepo tangu masika, leo tunaiondoa.

Kijana na mkewe wako pamoja. Juzi kanipitisha kwenye bodaboda yake hadi Mlandizi, akakataa nauli.

Ndugu yangu unayesoma hapa usiku, umejifunika shuka, mkono mmoja unashika simu na mwingine unajikuna: kesho nenda. Mwambie mkeo leo. Ukienda zahanati ukashindwa kusema, andika kwenye kikaratasi, mpe tabibu, hivyo tu. Ikishindikana zahanati, nenda kituo cha afya, ikishindikana huko, omba rufaa kwenda Tumbi. Nchi yetu si masikini wa elimu hii. Moshi, penye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wapo watu waliosomea ngozi yako. Hawatashangaa.

Na nyinyi maimamu wenzangu, mtu akibaki nyuma ya nguzo baada ya Isha, msimkimbilie na kombe wala na kalamu ya talaka. Mwulizeni kwanza anaumwa nini.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walio wazi na waliojificha. Zisitiri aibu zetu, na utuepushe na haya inayotuzuia kheri. Ziunganishe nyumba zetu, na utuepushe na dhana mbaya baina yetu. Aamin.

Ukiona ina faida, mtumie ndugu yako. Huenda anaihitaji na hawezi kukwambia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.